Mama Mkwe Kwenye Foleni ya Presha

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwapima watu presha kabla ya hizi mashine zenu zinazojijaza upepo zenyewe na kulia zikimaliza. Nimekubali, maana mzee aliyestaafu akiombwa kusimulia hahitaji kubembelezwa. Lakini nawaambia mapema: mtacheka mwanzoni, kisha mtafika mahali ambapo mimi mwenyewe huinamisha kichwa. Nitazungukazunguka kidogo kabla ya kufika kwa mama mkwe wangu, kwa sababu naona haya. Mkiona nimerefusha habari za Ngara na za machinjioni, mjue sababu ni hiyo.

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa walituita madaktari sote, hata mlinzi wa lango aliitwa daktari siku ya baridi akivaa koti jeupe la mtu. Miaka yangu mingi ya kazi niliimalizia katika kituo kimoja cha afya upande wa Dagoretti, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwatafuta wagonjwa ambao hawajijui kuwa ni wagonjwa. Ndiyo hiyo mnayoianza ninyi. Mtu aliyekuja na kidonda atakushukuru ukimfunga. Lakini yule uliyemwita akiwa anajipitia zake, mzima, na mboga zake mkononi, ukamwambia ana presha, huyo atakuona wewe ndiye uliyemletea. Zoeeni kuangaliwa vibaya.

Aliyenifundisha kupima sawasawa ni Sista Wangari. Alikuwa mzaliwa wa Dagoretti hiyohiyo, babu yake alilima viazi pale kituo kiliposimama, na hakutuacha tusahau jambo hilo hata siku moja. Wiki yangu ya kwanza ilikuwa Julai, na mnajua baridi ya Julai upande ule. Akaja mama mmoja mwenye sweta mbili na leso juu yake. Nikamhurumia. Nikazungusha kile kitambaa cha mashine juu ya sweta zote mbili, nikaanza kupuliza. Sista Wangari alikuwa nyuma yangu.

"Wewe, unapima mtu ama unapima sweta?"

"Sista, kuna baridi."

"Baridi ataiskia dakika mbili. Hiyo namba ya uongo ataenda nayo nyumbani. Toa."

Mama akavua sweta, na namba ikawa nyingine kabisa. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa sweta. Nimewavua sweta wachungaji, wazee wa mitaa na askari kanzu. Na msikunje mkono wa nguo ukabana kule juu kama mpira, hapo mmeharibu tena. Mtu akae, aegemeze mgongo, nyayo ziguse sakafu, mkono upate pa kulalia usawa wa moyo, anyamaze, na wewe unyamaze. Muulizeni pia kama amebanwa na mkojo. Mnacheka. Kuna fundi wa viatu niliyekaribia kumwandikia dawa za maisha, kumbe alikuwa amejizuia tangu asubuhi asipoteze nafasi yake kwenye foleni. Alipotoka chooni presha ilikuwa imeshuka naye.

Kabla ya Dagoretti nilifanya kazi mjini, na tulikuwa tukitumwa Ngara kuwapima wafanyabiashara palepale walipo, kwa kuwa hawawezi kuacha maduka. Nilimpima mama mmoja muuza viatu huku amezungukwa na viatu hadi kiunoni. Nilimwambia asiseme. Akanyamaza vizuri, mpaka mteja akashika kiatu na kutaja bei ya matusi. Nikaiona zebaki kwenye mashine yangu ikirukaruka. "Daktari, hiyo si presha," akaniambia, "hiyo ni huyu kijana." Ikabidi nimsubirishe mteja, naye mteja akataka apimwe, na mwisho nikapima mstari mzima wa vibanda. Niliipenda sana Ngara.

Machinjioni Dagoretti ilikuwa shida ya namna nyingine. Vijana wale hubeba nusu ng'ombe begani tangu alfajiri, na mikono yao ni minene kama mapaja ya watu wengine. Kitambaa cha kawaida kilifyatuka mbele ya watu, chumba kizima kikaangua kicheko. Kitambaa kikubwa tulikuwa nacho kimoja tu, Sista Wangari alikificha kwenye droo yake pamoja na biskuti zake. Ukitumia kidogo kwenye mkono mnene, namba inapanda bure na unamtisha mtu mwenye afya. Yule kijana aliyefyatua kitambaa nilimpa pole, akanijibu, "Hakuna noma, dokta, hata shati za duka hunifanyia hivo."

Na kulikuwa na ule ugonjwa wetu sisi wapimaji. Kuna kipindi karibu kila mtu aliyepita mikononi mwetu alikuwa na mia moja na ishirini kwa themanini. Zebaki ikishuka na wewe umechoka, jicho hukimbilia namba nzuri, zile zinazoishia na sifuri. Sista Wangari akaipitia kazi yetu, akavua miwani, akatuangalia mmoja mmoja.

"Hii Dagoretti yote iko na moyo moja?"

Akatupanga wawiliwawili, mmoja apime, mwingine apime tena bila kuambiwa namba ya mwenzake, kisha tulinganishe mbele yake. Tuliaibika wiki nzima, halafu tukaanza kuyasikia mapigo vizuri. Fanyeni hivyo hata leo na hizo mashine zenu, kwa sababu mashine nayo huchoka, ila haiambii mtu.

Kisha wakubwa kutoka mjini wakatuletea ubao. Mmeuona, ungali pale kwenye ukumbi, ingawa umepakwa rangi upya. Wakati wetu ulikuwa na safu tatu: mgonjwa amepimwa, ameambiwa, ameelekezwa pa kutibiwa. Ukifanya vizuri safu inapakwa kijani, ukizembea inapakwa nyekundu, na vituo vyote vya upande wetu vinalinganishwa. Sista Wangari alikuwa anakaribia kustaafu, akanikabidhi mimi ubao ule. Enyi vijana, nilikuwa mtu wa ubao. Nilimpima mleta maji ya chupa. Nilimpima mtu aliyeingia kuuliza njia ya kwenda machinjioni. Mhubiri aliyekuja kutuombea alitolewa koti kwanza. Hata mkaguzi aliyetumwa kuangalia kama tunapima watu, tulimpima, tukamkuta na presha, tukamwambia, tukamwelekeza, kijani, kijani, kijani. Wageni walikuwa wakiletwa kutoka vituo vingine waje waone tunavyofanya, nami nawatembeza mikono nyuma kama mwenye shamba.

Sisemi ubao ulikuwa mbaya. Kabla yake tulikuwa tunapima tukikumbuka. Nasema ulikuwa na safu tatu, na mimi niliamini kazi inaishia kwenye safu ya tatu. Siku hizi ninyi mna ya nne, ile inayouliza kama mgonjwa amerudi. Najua inawaudhi, maana haikai kijani hata mfanye nini. Nimewasikia mkiilalamikia pale nje kwa muuza chai. Ilalamikieni, lakini msiijaze kwa mdomo.

Haya, sina pengine pa kuzungukia. Tufike kwa mama mkwe.

Mimi ni mtu wa magharibi ya Kenya, na mke wangu Rose pia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani. Hampeani mkono, hamli meza moja, humtazami usoni, naye hawezi kulala nyumbani kwako. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite. Wenzetu wa huku Nairobi hudhani ni ugomvi. Si ugomvi, ni heshima, na hatuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo. Ipo namna ya kuilegeza. Unakwenda kwao na blanketi na kuku, wazee wanasema maneno yao, unamfunika mama mabegani, mnapeana mkono kwa mara ya kwanza, na tangu hapo mnaweza kusalimiana na hata kusaidiana kama watu wengine. Wengi wa rika langu walilifanya hilo mapema. Mimi kila mwaka nilisema likizo ijayo.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka na meza zetu hadi soko la Dagoretti. Tulikuwa wawili, mimi na muuguzi mwenzangu, lakini akaitwa kituoni kwa mama aliyekuwa anajifungua. Nikabaki peke yangu na foleni ndefu. Mashine ilikuwa tayari ya betri, ile ya zebaki tulikuwa tumeiacha. Nilikuwa napima na kutania, natania na kupima. Nikasema, "Anayefuata," nikainua macho, na mbele yangu alikuwa shemeji yangu Violet, mdogo wake Rose, anayeishi hapohapo Dagoretti. Nyuma yake alisimama mama yao.

Alikuwa amekuja kumwona Violet aliyejifungua, na kichwa kilikuwa kinamuuma siku kadhaa. Violet alisikia kuna madaktari sokoni. Hakuna aliyemwambia ni daktari gani.

Mama mkwe aliponiona alijifunika uso kwa leso na kunigeuzia mgongo. Nami nikasimama haraka hadi kiti kikaanguka, nikageuka upande wa vibanda vya mboga. Tukawa hivyo, migongo kwa migongo, na meza katikati yetu. Foleni ikadhani tumegombana.

"Kwani huyo mama amekukosea nini, daktari?" muuza sukuma wiki akauliza.

"Ni mama mkwe," nikasema.

Watu wa magharibi waliokuwa kwenye foleni wakatoa sauti moja ya kunisikitikia, na wengine wakacheka. Violet hakucheka. Akaninong'oneza nyuma ya bega, "Shemeji, mathe ako na shida kweli. Jana alikuwa anaona vitu mbili mbili. Siwezi rudi na yeye hivi."

Hapo nilikuwa na njia nyingi, na tangu siku ile nimezihesabu zote nikiwa kitandani. Ningefunga meza na kumpeleka kituoni kwa mwenzangu. Ningemwomba mama yeyote mtu mzima wa kwenye foleni asimame naye pembeni. Lakini niliona haya, macho yote ya soko yalikuwa mgongoni kwangu, na nilitaka jambo lile liishe. Nikamwambia Violet afunge yeye kitambaa, mimi nitamwelekeza nikiwa nimegeuka.

"Shemeji, hii kitu inafungwa aje?"

"Ile mpira iangalie chini, juu ya kiwiko. Toa sweta kwanza."

"Nimetoa."

"Bonyeza ile kifungo kubwa. Mama asiongee."

"Haongei. Ata hapumui, shemeji, anaona aibu."

Mashine ikanguruma, ikalia. Nikasahau kumwambia Violet jambo dogo ambalo ninyi mmefundishwa siku ya kwanza. Akasoma namba kwa sauti ya kuitia matatu, soko zima lisikie: mia mbili na kumi na tano kwa mia moja na ishirini. Soko halijui mambo mengi, lakini presha linaijua. Mtu akasema, "Uwi." Mtu mwingine akamwambia mama mkwe wangu akae chini kabla hajaanguka. Nikamsikia akiuliza kwa lugha ya kwetu, taratibu, "Kwani nimefanya nini?"

Alikuwa anamuuliza Violet. Mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Ningemwambia hajafanya kitu, kwamba ni mshipa tu unaosukuma kwa nguvu, kwamba kuna vidonge, na vidonge hivi haviishi, vikimalizika unachukua vingine, hata ukijisikia kama msichana. Hayo nilikuwa nawaambia watu wote kila siku, nikiwa nimeketi, nikiwaangalia machoni, na kuwauliza wanirudishie kwa maneno yao wenyewe. Yeye nilimwandikia karatasi ya hospitali nikiwa nimegeuka, nikampitishia Violet nyuma ya mgongo, nikasema, "Aende leo." Wakaondoka. Nikaokota kiti.

Jioni nilijaza ubao. Amepimwa, ameambiwa, ameelekezwa. Kijani zote tatu.

Hospitali walimpa vidonge vya mwezi mmoja. Kichwa kikatulia, akarudi nyumbani magharibi na kuku wake na mashamba yake. Vidonge vilipokwisha hakuna aliyemwambia achukue vingine, au aliambiwa na hakusikia, kama watu wengi wasivyosikia siku ya kwanza. Nilijua hilo litatokea. Kazi yangu ilikuwa kujua hilo. Nikampigia simu muuguzi wa zahanati ya kijijini kwao, msichana mzuri mwenye bidii, nikamwomba ampitie. Akaenda. Akanipigia akisema mama hataki kupimwa. Akaenda tena, akafukuzwa kwa upole, akapewa na ndizi za kurudi nazo.

"Mamako ni mkaidi," nikamwambia Rose.

Rose alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. "Si mkaidi. Enda ufanye ile kitu, umpee blanketi, mkae chini muongee. Wewe ndio anaskianga. Akiwa na watu anasema mkwe wake ni daktari Nairobi."

"Nitaenda likizo."

"Wewe umevua watu wote wa Dagoretti sweta," Rose akasema, "lakini mamangu ndio unaogopa."

Nilikasirika, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilijiambia ni heshima inayonizuia. Nilijiambia mwanamume hawezi kumtangazia mama mkwe presha yake sokoni, kisha aende kukaa sebuleni kwake kama hakuna kilichotokea, lazima muda upite kwanza. Nikaacha upite. Ulipita karibu mwaka. Katikati ya muda huo walitupa cheti cha kituo kinachopima vizuri, tukapigwa picha, mimi katikati na tai ya kuazima. Halafu tukaenda Loresho kuwapima watu kanisani, watumishi na matajiri wao pamoja, na nikasimama mbele ya kusanyiko nikawahubiria kwamba aibu imewaua watu wengi kuliko presha yenyewe. Walipiga makofi. Nikiikumbuka sauti ile ya makofi hadi leo nasikia joto masikioni.

Desemba nikaenda. Rose alinunua blanketi mwenyewe, hakuniamini na rangi. Kuku tulimpata njiani. Nilibeba na mashine yangu kwenye mkoba, na vidonge, nikiwa nimejipangia maneno yote ambayo sikuyasema sokoni.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Watu walikuwa wamekusanyika, wajomba na shangazi, lakini kwa utulivu nisioutegemea, nikafikiri ni kwa sababu ya shughuli. Mimi niliwekwa sebuleni. Rose aliingia chumbani kwa mamake, akakaa humo kitambo, akatoka macho yamekuwa mekundu. Nikadhani ni furaha. Kisha mama mkwe akaletwa, akaketishwa kwenye kiti mbele yangu, nami nikaviangalia vidole vya miguu yangu kama inavyotakiwa.

Mjomba mkubwa ndiye aliyesema. Alikuwa mtu wa mzaha, na hata kwenye jambo zito hakuweza kujizuia.

"Mkwe, umekuja, tunashukuru. Huyu dada yetu ametusumbua sana. Yule mtoto wa zahanati anakuja hapa na mashine yake, anamfukuza. Anasema yeye ana daktari wake mwenyewe, yuko Nairobi, ndiye atakayempima. Tunamwambia, daktari gani huyo ambaye hata mkono hajakupa? Anasema atakuja, ni kazi tu imemshika."

Watu wakacheka kidogo. Nami nikatabasamu nikiwa nimeinama.

"Wakati mwingine anaingiwa na wasiwasi," mjomba akaendelea. "Anasema, labda nilimwaibisha mbele ya watu wake pale sokoni, na ule ugonjwa wangu. Labda ndiyo sababu haji. Nikamwambia, dada, ugonjwa si wizi. Lakini mnajua akina mama."

Sikuinua macho. Mwaka mzima nilikuwa nimeona haya kwa sababu nilimwaibisha, na mwaka huohuo yeye alikuwa akilitafuta kosa lake mwenyewe. Yule muuguzi hakumfukuza kwa ukaidi. Aliona akimwachia mtu baki mkono wake, atakuwa amekubali mbele ya kijiji kwamba mkwe wake amemtupa. Kwa hiyo alikuwa akinilindia jina, na alikuwa akilinda bila dawa.

Nikaambiwa nimfunike. Nikasimama, nikalikunjua blanketi, nikazunguka nyuma ya kiti kama nilivyofundishwa na mjomba, nikaliweka mabegani kwake bila kumgusa. Bega moja lilikuwa chini kuliko lingine. Mimi, ambaye ningemtambua mtu wa namna hiyo nikiwa upande wa pili wa soko na foleni katikati, niliona bega lile na nikafikiri kiti kimeinama. Hata nililivuta blanketi kidogo upande huo likae sawa.

Kisha nikarudi mbele na mjomba akasema tupeane mkono. Nikanyoosha wangu wa kulia. Ukakaa hewani. Nikasubiri, macho yangu bado sakafuni. Ndipo ukatoka mkono chini ya blanketi, ukaja polepole hadi kwenye wangu, na ulikuwa wa kushoto. Kwetu hakuna anayekupa mkono wa kushoto ila anayekutukana. Nikainua uso, nikamtazama mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja.

Kiharusi kilimpata Jumanne akianika mahindi. Aliwakataza wote wasipige simu, ati tutakuja tukikimbiza gari barabarani tuuawe. Akakataa kupelekwa popote, daktari wake alikuwa anakuja Jumamosi. Hata Rose alipomkuta chumbani na kutaka kupiga kelele, alimshika na kumwomba avumilie tu hadi shughuli iishe, ili nikimgusa niwe nimeruhusiwa. Hayo yote niliambiwa baadaye, tukiwa garini kuelekea hospitali, mimi nimempakata. Pale sebuleni sikujua chochote. Nilikuwa nimeushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yangu miwili, nikitafuta neno hata moja katika yale niliyojipangia, na yeye ndiye aliyetangulia kusema, kwa ulimi mzito, mbele ya watu wake wote.

"Nisamehe, mkwe," alisema. "Nakusalimia na wa kushoto."